Pumzi ya Sekunde Kumi

Machi 3

Mvua imeanza leo, na kazi mpya nimepewa leo, basi nimeona nifungue na daftari. Alininunulia dada yangu miaka miwili iliyopita, akaniambia niandike hasira zangu humo badala ya kuzimwaga kwa watu. Haya, tutaona.

Kazi yenyewe ni hii. Hapa ofisini tuko watu kumi na mmoja tunaotunza sehemu moja tu ya kivinjari, sehemu ya mwendo. Kitu kikiteleza kwenye ukurasa, kikififia, kikikua au kikisinyaa, hiyo ni shughuli yetu. Mwenye ukurasa anasema kitu kitoke hapa kifike pale kwa sekunde kadhaa, na kanuni ya mwendo ndiyo inayoamua kitaendaje njiani: kianze polepole, kiende sawasawa, au kikimbie halafu kitulie. Kanuni tulizo nazo ni chache na kila moja ina tabia yake isiyobadilika. Sasa tunataka mwenye ukurasa ajipangie mwenyewe. Ataandika orodha ya pointi: sekunde hii kitu kiwe kimefika hapa, sekunde ile kiwe pale, na kivinjari kiziunganishe. Kiongozi wa timu alipouliza nani ataichukua, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Nina hadi Mei 9, toleo jipya litakapofungwa.

Wenzangu walishangaa, maana mimi kwa kawaida kazi huipokea kwa shingo upande. Sikuwaambia kwamba naifanya kwa ajili ya baba.

Machi 4

Baba alisaga sakafu za terazo miaka thelathini na minne. Ukiingia kwenye benki au shule ya zamani ukaona sakafu yenye vipande vya mawe inayong'aa hadi unajiona, kuna watu walioinamia mashine siku nzima ili ing'ae hivyo, na vumbi lake limekaa vifuani mwao. La baba limekaa. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu yale hayarudi. Kilichobaki ni kumfundisha kuyatumia yaliyobaki, ili pumzi ikimkatika asiingiwe na woga, kwa sababu woga ndio unaommaliza haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Kila anapokimbizwa hospitali hurudi amepungukiwa na kitu. Mwaka jana alikwenda mara nne. Safari ya kwanza alirudi akiwa bado anaweza kupanda ngazi.

Anakaa kwa dada, safari ya siku nzima kutoka hapa. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali yao, mama mmoja, alimtengenezea ukurasa wenye duara la buluu. Duara likipanuka unavuta pumzi, likisinyaa unaitoa. Shida ni kwamba linapanuka na kusinyaa sawasawa, na pumzi ya baba haiendi sawasawa. Yule mama alijaribu kuunganisha vipande vipande, likawa linashtuka kwenye maungio, na baba naye anashtuka nalo. Likiweza kwenda kama yeye anavyokwenda, shambulio litamkuta nyumbani na litamwachia hapohapo nyumbani. Ni hilo tu ninalolitaka, na wala si la makuu.

Machi 6

Nimeandika mistari arobaini, nimefuta thelathini na minane. Mvua.

Machi 11

Mkaguzi wangu ni Bwana Kwa Nini. Jina lake halisi silitumii hata kichwani. Kwetu hakuna msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, unaoingia kwenye kivinjari kabla mtu mwingine hajausoma na kuukubali, na ukisomwa na yeye kila mstari huota maswali. Kwa nini hiki? Kwa nini si kile? Ni mzee mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, anakula chakula chake peke yake dirishani, na hana haraka yoyote hapa duniani. Leo ameniuliza maswali kumi na saba kwa mistari sitini. Nimemjibu yote kwa adabu, ila nilijikaza kweli.

Machi 15

Nimemtuma dada ampimie baba pumzi akiwa ametulia. Dada ni fundi cherehani, kwa hiyo baba aliuliza anashonewa nguo gani hiyo isiyohitaji utepe. Akahesabiwa mara ishirini. Kuvuta ni sekunde tatu. Anaishika sekunde moja. Kutoa ni sekunde sita, midomo ikiwa imebanwa, mwanzoni inatoka nyingi na mwishoni inatoka kidogo kidogo. Jumla kumi.

Nimeziweka kwenye pointi. Sekunde ya tatu duara limejaa. Sekunde ya nne bado limejaa. Kisha asilimia sitini, thelathini, kumi, na mwisho sifuri sekunde ya kumi. Zile tatu za katikati sikuziandikia muda, kwa sababu makubaliano ya vivinjari vyote yanasema pointi isiyo na muda iwekwe kwa mgawanyo sawa kati ya zilizo nao. Nikasema acha kivinjari kifanye kazi yake.

Machi 19

Maswali mengine tisa. Huyu mzee amenivalia njuga.

Machi 22

Inafanya kazi! Nimeweka mpira mwekundu kwenye kioo, nimeupa orodha ya pointi, nao umedunda kama mpira wa kweli. Kiongozi, ambaye ni mama mchangamfu asiyeweza kufurahi kimyakimya, aliwaita watu wote waje kuuona.

Yakabaki majaribio. Kila kanuni inaandikiwa majaribio yake: unaipa orodha, unataja sekunde, na unaandika jibu linalotakiwa. Mashine inalinganisha, likiwa sawa inawaka kijani. Nilihitaji mia moja na ishirini. Ishirini ya kwanza niliyakokotoa kwa mkono, na ikanichukua siku mbili. Yale mia yaliyobaki nikaona ni kazi ya punda. Nikauendesha msimbo wangu, nikanakili namba ulizotoa, nikazibandika kama majibu. Yote kijani. Nimerudi nyumbani naimba.

Machi 25

Bwana Kwa Nini hakugusa msimbo safari hii. Ameandika swali moja tu chini ya majaribio: "Namba hizi zimetoka wapi?"

Nimemjibu kwamba zimehakikiwa.

Machi 30

Kauliza tena, maneno yaleyale. Nikajitia hamnazo, nikamjibu habari ya kitu kingine.

Aprili 2

Mvua siku ya tatu mfululizo. Dada anasema baba amekohoa tangu alfajiri na hataki kuulizwa.

Aprili 5

Ameniuliza mara ya tatu. Nikamwandikia kwamba kama ana shaka na namba yoyote aitaje, asinipotezee muda kwa maswali ya kubahatisha. Yaliandikwa pale timu nzima inaposoma. Kijana mmoja wa meza ya pili alinionyesha kidole gumba kichinichini, nami nikajiona shujaa. Mzee hakujibu. Mchana nilimwona anakula dirishani kama kawaida, na nikapita nikitazama kwingine.

Aprili 9

Kiongozi kaona siku zinakwenda, msimbo wangu kampa mkaguzi mwingine. Huyo kaupitisha kwa robo saa. Kanuni yangu imeingia kwenye toleo la majaribio, lile ambalo mtu yeyote akitaka anaweza kulisakinisha kabla ya toleo kamili. Robo saa! Nimekaa mwezi mzima nikichimbwa bure.

Aprili 10

Dada kasakinisha toleo la majaribio kwenye kishikwambi cha baba, mimi nikimwelekeza kwa simu, yeye akinikaripia kwamba nakwenda mbio. Mtaalamu wa mazoezi alishaziweka pointi nilizomtumia kwenye ukurasa wake. Tukapigiana simu ya video. Mvua ilikuwa inapiga kwao na kwangu, picha ikawa inakwama na kuruka. Duara nililiona likipanuka, likakaa, kisha likaruka. Nikasema mtandao huo.

Nikamwambia baba, "Hiyo nimeitengeneza mimi, kwa ajili yako."

Alilitazama muda mrefu. Akasema, "Iko sawa, mama."

Huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nililia kidogo baada ya kukata simu, sioni aibu kuliandika.

Aprili 12

Dada anasema baba hakiachi kishikwambi. Anafanya mazoezi asubuhi na mchana, kisha anakuwa hoi. Nimemwambia mwanzo ni mgumu, amwache azoee.

Aprili 13

Hakumaliza chakula. Anasema bado anajifunza.

Aprili 14

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Dada alipiga saa tisa alasiri nikiwa kikaoni. Nikaikata. Akapiga tena. Nikatoka ukumbini, nikamsikia anahema kama yeye ndiye mgonjwa. Baba alikuwa amekaa na kishikwambi mapajani tangu asubuhi. Dada akiwa kwenye cherehani alisikia kitu kimeanguka, akageuka, akamkuta baba ameshika meza kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi, kifua kimepanda na hakishuki. Jirani alitoa gari. Barabara ya bondeni ilikuwa imejaa maji, wakazunguka kwa juu, dakika arobaini badala ya kumi na tano. Wamemwekea oksijeni. Yuko hai. Dada alilirudia neno hilo mara tatu, na mimi nikawa naitikia kila mara.

Saa kumi na nusu akapiga mtaalamu wa mazoezi. Huyu hakuzunguka. Aliniuliza kama mimi mwenyewe, kwenye mashine yangu, nimelitazama lile duara likienda na kanuni mpya. Nikasema ndiyo, na papo hapo nikajua nimesema uongo. Nimeutazama mpira wangu mwekundu mara mia. Duara la baba nililiona mara moja, kwenye simu inayokwama.

Akasema, "Lifungue sasa, mimi nakusubiri."

Nikalifungua. Likapanuka, moja, mbili, tatu. Likakaa. Kisha likaporomoka. Likatoka kwenye ujazo hadi chini ya theluthi kabla sijamaliza kuhesabu moja, halafu likajiburuza sekunde zote zilizobaki. Nikalirudia. Nikajaribu kupumua nalo, mimi mwenye mapafu mazima, na mara ya nne kichwa kikaanza kunizunguka. Nikamwambia yule mama ni kweli. Akaniambia ukurasa ameshaufunga, niende nikanywe maji.

Nikakaa na penseli. Zile pointi tatu zisizo na muda zilitakiwa zigawanywe kuanzia sekunde ya nne, pale baba anapoanza kutoa: tano na nusu, saba, nane na nusu. Msimbo wangu ulizigawa kuanzia sifuri: mbili na nusu, tano, saba na nusu. Ya kwanza ikawa imeshapitwa na wakati kabla hata hajaanza kutoa, basi ikasukumwa hadi sekunde ya nne. Duara likakatika kutoka mia hadi sitini kwa mkupuo, na sekunde moja baadaye likawa thelathini. Mtu asiye na pumzi ya kupoteza aliambiwa amwage sehemu saba kati ya kumi ndani ya sekunde moja. Aliambiwa hivyo siku nne.

Nikafungua faili la majaribio. La sitini na nne ni la orodha ya aina hiyohiyo. Lilikuwa kijani. Lilikuwa kijani kwa sababu jibu lake nililitoa kwenye msimbo uleule. Nilimwuliza mwizi kama ameiba, akasema hajaiba, nikamwandikia cheti. Ishirini niliyoyakokotoa kwa mkono hayakuwa na orodha hata moja ambayo pointi zisizo na muda zinaanzia katikati.

Mwenzangu wa meza ya jirani aliuliza kama niko sawa. Nikamwambia baba yangu anaumwa. Ilikuwa kweli, na nikajificha nyuma ya kweli hiyo hadi saa ya kutoka.

Aprili 15

Nilimsubiri Bwana Kwa Nini mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yote yakaniruka. Nikasema tu, "Mzee, zile namba nilizinakili. Na baba yangu yuko hospitali."

Hakuniuliza kwa nini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Tukaingia chumba kidogo cha mikutano nikamweleza kila kitu, hadi ile siku ya kidole gumba.  Kisha akasema, "Nilikuuliza mara tatu. Ya nne niliona nisijidhalilishe, nikakaa kimya, nikaacha ipite. Hilo ni langu, binti. Usilibebe."

Nilikuja nimejiandaa kutukanwa. Mwezi mzima nilidhani mtu huyu ananichukia.

Tukaenda kwa Kiongozi. Alinishika bega, akanipa pole ya kweli, kisha akasema kosa ni mstari mmoja, nirekebishe leo na toleo tutaliwahi. Nikamwambia nina majaribio mia ambayo sijui kama yanasema kweli. Akasema tutayapitia baada ya toleo. Nilihisi joto linapanda shingoni, lile joto langu linalojulikana, lakini nilichosema nilikisema polepole. Nilisema naiondoa kanuni yote, leo, na nitaandika sababu pale kila mtu anaposoma, kwa jina langu.

Nikaandika. "Majibu ya majaribio mia yalinakiliwa kutoka kwenye msimbo uliokuwa unajaribiwa. Mkaguzi aliuliza mara tatu. Sikumjibu ukweli." Kijana wa kidole gumba alipita mezani kwangu mara mbili bila kunitazama.

Aprili 17

Barabara ya kwenda kwa dada, iliyokuwa imekatwa na maji, imefunguliwa. Nimesafiri kutwa.

Aprili 18

Baba amekonda. Mrija uko puani, mikono iko juu ya shuka, imetulia, ile mikubwa yenye kucha nene. Aliponiona alitaka kukaa, muuguzi akamzuia.

Daktari alipopita akamwuliza tena ilikuwaje. Baba akajibu kwa vipande, neno na pumzi, kwamba alisinzia akaamka amepaliwa, uzee tu. Hakunitazama aliposema hivyo. Nami nilikuwa nimesimama pale miguuni mwa kitanda na maneno yangu yote tayari, nikayameza. Nimemwonyesha aibu yangu kila mtu kule ofisini ila huyu mmoja.

Aprili 21

Dada anajua, mtaalamu wa mazoezi alimwambia. Hakupiga kelele. Aliendelea kukata kitambaa, akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuambia anakuwa hoi. Ukaniambia nimwache azoee." Kisha akaniuliza kama nimekula. Ningependa angenitukana.

Aprili 24

Kiongozi kaniruhusu nifanyie kazi huku. Nimepewa pembe ya meza ya dada, upande usio na cherehani. Tumekubaliana na Bwana Kwa Nini hivi: kila mmoja akokotoe majaribio yote mia kwa mkono, peke yake, kutoka kwenye maandishi ya makubaliano na si kutoka kwenye msimbo wowote. Hatuonyeshani. Kila siku mchana tunapigiana simu, mimi nasoma namba zangu kumi, yeye anasema ndiyo au hapana.

Namba kumi kwa siku. Penseli na kifutio. Asubuhi hospitali, mchana namba.

Aprili 27

Kumi. Zote ndiyo.

Aprili 28

Kumi. Moja hapana. Kosa ni langu, nilisahau kubeba moja nilipojumlisha. Mzee akasema hata yeye jana alikosea kujumlisha umri wake.

Mei 3

Tumemaliza. Kati ya mia tumetofautiana mara tatu: mbili nilikosea mimi, moja alikosea yeye. Kisha tukauendesha msimbo wangu uliorekebishwa dhidi ya namba hizo. Umefeli mahali pawili pengine ambapo hakuna aliyekuwa anapajua. Tungefuata ule mstari mmoja tungekwenda na makosa mawili mfukoni. Nilimsomea Kiongozi kwa simu. Akasema ahsante.

Baba karudi nyumbani leo na mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. Kutoka mlangoni hadi kitini alipumzika mara mbili. Mwezi uliopita hakupumzika.

Mei 6

Dada alikwenda kupeleka nguo za wateja. Tulibaki wawili, mvua nyepesi nje, mtungi unatoa sauti yake ndogo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikapiga moyo konde.

Nikamwambia duara lilikuwa na kosa. Kwamba lilikuwa linamwaga pumzi yake yote mara moja, kwamba kosa nililifanya mimi kwa uvivu na kiburi, kwamba niliulizwa mara tatu na mtu anayejua, na kwamba hakusinzia wala haukuwa uzee. Nikamwambia nisamehe baba.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kwake siku hizi kuongea ni kazi, basi anachagua.

"Nilijua linadondoka," akasema. "Siku ya kwanza tu nililiona."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia.

Akavuta pumzi. Akaitoa. "Ulisema umelitengeneza wewe. Wewe ndiye uliyesoma. Nikajua mimi ndiye sijui kupumua." Akapumzika. "Nikawa najitahidi nilifuate."

Sijui nilikaa pale muda gani nimeshika magoti yake. Huyu ni mtu aliyewahi kuvunja sakafu nzima ya ukumbi wa mapokezi, kazi ya siku tisa, kwa sababu alimwaga maji akaona yametuama pembeni, dimbwi lenye ukubwa wa kiganja. Mwenye jengo alimwambia hakuna atakayeona. Baba akasema yeye ameona. Hakuwahi kulipokea neno la mtu kuhusu sakafu, awe mhandisi awe nani. Langu alilipokea. Siku nne alikaa na kitu anachokijua kibovu, akakiamini kuliko kifua chake mwenyewe, kwa kuwa kimetoka kwangu, na alipokaribia kufa nacho akasema alisinzia.

Nilimwambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Ukiona nimekosea, niambie. Nitukane ukitaka."

Akaniwekea mkono kichwani. Hakuahidi.

Mei 9

Toleo limefungwa bila sisi.

Mei 16

Bwana Kwa Nini ameupitisha msimbo. Maswali yalikuwa matatu, na nilikuwa na majibu yote. Kanuni imeingia tena kwenye toleo la majaribio, itatoka rasmi toleo lijalo. Safari hii nilikaa saa nzima mbele ya duara lenyewe, kwenye mashine yangu, saa mkononi, nikipumua nalo. Kisha akalitazama dada. Kisha akalitazama mtaalamu wa mazoezi. Baba tulimwonyesha wa mwisho.

Alipumua nalo mara sita. Nikamwuliza vipi.

Akasema, "Iko sawa, mama."

 Maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Nimekuwa na mkaguzi aliyeniuliza mara tatu, sasa ninaye mmoja asiyeuliza kabisa, na ndiye pekee anayejua jibu.

Mei 20

Iko sawa, mama.

Mei 24

Namwona anavyobana kidole cha mkono wa kushoto karibu na mwisho wa pumzi. Namwuliza. Iko sawa. Nimetoka nje nikasimama barazani hadi hasira ipungue. Si hasira juu yake.

Juni 2

Mvua imekatika. Anga ilikuwa nyeupe tangu asubuhi.

Shambulio lilimjia saa nne na nusu akitoka kunawa. Dada alimshika kushoto, mimi kulia, tukamkalisha. Macho yake yalikuwa yametoka, yanatafuta kitu chumbani. Nikaweka kishikwambi mezani mbele yake. Dada alikuwa na simu mkononi, tayari kumpigia jirani mwenye gari, ananitazama mimi. Nikamwambia asubiri. Sijawahi kusema neno zito kama hilo.

Duara likapanuka. Hakulipata. Likakaa, likaanza kusinyaa, naye alikuwa anavuta. Duara la pili pia likampita. Nikapiga magoti pembeni, nikaanza kupumua nalo kwa sauti. La tano alilishika katikati. La saba alilipata tangu mwanzo, midomo ikabana, pumzi ikatoka nyingi, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi. Nilihesabu dakika kumi na tisa kwenye saa ya ukutani. Rangi ikarudi midomoni kwanza, baadaye kwenye kucha. Dada aliweka simu chini, akakaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

Hatukwenda hospitali.

Tulisubiri aweze kusema. Nilidhani ataomba maji. Alinyoosha kidole kizito, akagusa kioo pale duara linapokaribia kuisha.

"Hapa," akasema. "Panakosea."

Dada akaangua kicheko cha mtu aliyekuwa analia.  Nilimwuliza panakosea vipi.

Akavuta pumzi, akaitoa pamoja na duara, macho yamefumba, uso umekunjamana kama mtu anayepapasa sakafu. Akarudia mara ya pili. Sikumharakisha.

"Inanishikilia. Mimi nimeshamaliza, yenyewe bado. Ipunguze."

"Kwa kiasi gani, baba?"

"Nusu sekunde," akasema. "Na usiniambie iko sawa kabla sijaiona."

Nikachukua penseli nikaandika.